Mgonjwa Akirudi

Nikifika kijijini kukagua kisima cha mradi, siulizi kilizinduliwa lini. Tarehe imeandikwa kwenye saruji, pamoja na jina la mgeni rasmi. Nauliza spana iko kwa nani. Nikiambiwa iko kwa mwenyekiti wa kamati ya maji, na mwenyekiti yuko safarini Morogoro, nusu ya ripoti yangu imeshajiandika. Kazi hii nimeifanya miaka 18 na imenifanya mtu wa kuchosha hata kwenye mambo ya ukoo. Nikiletewa kadi ya mchango wa harusi, naomba kuona bajeti.

Mpwa wangu analijua hilo. Ndiyo sababu mwaka juzi alinipigia kutoka Ohio, kwao saa nne usiku, kwetu saa kumi na moja alfajiri. "Shikamoo mjomba. Nina mradi, nataka uukague."

Mradi wenyewe ulikuwa yeye. Alikuwa anaingia mwaka wa mwisho wa ubingwa wa usingizi na ganzi, na alitaka kuongeza mwaka mmoja wa ubingwa bobezi katika tiba ya maumivu, kisha aingie kliniki binafsi. Maumivu anayoyataka ni yale yasiyoisha: mgongo wa dereva wa lori, shingo ya mpakiaji wa ghalani, miguu ya mgonjwa wa kisukari inayowaka usiku kama imekanyaga makaa. Sikumuuliza kwa nini. Mama yangu, yaani bibi yake, alikufa kwa saratani nyumbani kwetu, na kijana alikuwepo likizo ile muuguzi alipokuwa anakuja na chupa ya mofini ya maji. Aliona bibi yake analala usiku kucha kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili.

Kule Marekani mwombaji hachagui kama anavyochagua shati. Anafanyiwa usaili, siku hizi mara nyingi kwa video, kisha anapanga programu kwa mpangilio anaoutaka. Programu nazo zinapanga waombaji. Kompyuta inawaoanisha, jibu linatoka mwezi wa kumi, na likishatoka limekufunga. Mpwa wangu alikuwa na wiki mbili za kupanga orodha, na vita ilikuwa kati ya programu mbili za juu. Moja ni ya hospitali kubwa ya chuo kikuu ambayo jina lake hata fundi cherehani wa Kariakoo amelisikia. Nyingine iko mji mdogo. Nusu ya wiki mwanafunzi yuko hospitalini, nusu yuko kwenye kliniki zinazoendeshwa na madaktari wenyewe kwa fedha zao.

"Huku kuna jina, huku kuna kazi," akasema. Nikamwambia anipe siku chache nisome andiko la mradi.

Andiko la kwanza la tiba ya maumivu liliandikwa na mpiga mieleka. John Bonica alizaliwa 1917 katika kisiwa kidogo cha Filicudi, Italia, akapelekwa New York akiwa mtoto, na akajisomesha udaktari kwa kupigana ulingoni, wakati mwingine akiwa amevaa kinyago na kujiita Masked Marvel. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa daktari wa usingizi katika hospitali ya jeshi ya Madigan, jimbo la Washington, akikabiliana na askari ambao vidonda vimefunga lakini maumivu yamegoma kuondoka. Akaona peke yake hawezi. Akawa anawaita wenzake wa fani nyingine wakae pamoja wamjadili mgonjwa mmoja. Mwaka 1953 alichapisha The Management of Pain, kitabu kinene cha kurasa zaidi ya 1,000. Baadaye, katika Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, kliniki yake ilikuwa na watu wa aina zote, akiwemo mwanasaikolojia Wilbert Fordyce, ambaye hakuwa na sindano hata moja. Mwaka 1973 Bonica aliwakusanya watafiti huko Issaquah, na mkutano huo ukazaa chama cha kimataifa cha utafiti wa maumivu. Mwili wake mwenyewe mieleka ilikuwa imeushughulikia. Aliishi na maumivu na upasuaji hadi alipofariki 1994.

Kwa hiyo andiko linasema: mgonjwa mmoja, watu wengi, muda mrefu. Ni andiko zuri. Nimeshasoma maandiko mengi mazuri.

Halafu mradi ukafika kijijini. Mwaka 1993 bodi ya madaktari wa usingizi ya Marekani ilianza kutoa mtihani wa fani hii, na mafunzo yaliyoidhinishwa yakatulia kwenye miezi 12. Lakini anayelipa ni bima, na bima inalipa kwa kitendo. Sindano ya steroidi kwenye mgongo ina namba yake ya malipo. Kuunguza neva ndogo za viungo vya mgongo kwa mawimbi ya redio kuna namba yake. Saa nzima ya kukaa na mgonjwa, mwanasaikolojia na mtaalamu wa mazoezi kwenye meza moja, malipo yake ni ya kusikitisha au hayapo. Hakuna aliyeketi akaamua kuua kliniki za aina ya Bonica. Zilipungua tu, moja baada ya nyingine, kama mabomba yanayokauka mwisho wa mtandao wa maji, na vyumba vya sindano vikaongezeka. Mafunzo yakafuata fedha. Vipeperushi vya programu sasa vinatangaza idadi ya sindano ambazo mwanafunzi atachoma kwa mwaka, na vijana wanazitajiana kama mabao.

Sindano sizidharau. Ikichomwa mahali pake, chini ya mashine ya eksirei inayoonyesha ncha inapokwenda, inaweza kumrudishia mtu miezi yake. Ninachojua ni kwamba idadi ya visima vilivyochimbwa haijawahi kuniambia ni wangapi wanachota maji.

Nikaomba masharti ya chombo kinachoidhinisha mafunzo haya, kinachoitwa ACGME. Yalikuwa marefu na mengi yake hayanihusu. Mstari mmoja ulinisimamisha: mwanafunzi awafuatilie wagonjwa wa nje wasiopungua 50, kwa muda usiopungua miezi miwili. Miezi miwili! Mtu mwenye mgongo mbovu akimkubali daktari wa kliniki binafsi, anaweza kurudi kwake miaka kumi. Atarudi sindano ya kwanza ikifanya kazi, atarudi ikigoma, atarudi ameachwa na mke, atarudi bima yake imebadilika. Bila shaka mwaka una miezi 12 tu na masharti yanaweka kiwango cha chini, si cha juu. Ila hapo ndipo nilipoipata spana yangu. Nikamwandikia mpwa wangu: waulize kama mwanafunzi akimchoma mgonjwa sindano Machi, ni nani anayemwona Juni.

Akawauliza. Programu ya jina kubwa ilimjibu kwa uungwana mwingi: wagonjwa hutoka kwa madaktari mbalimbali wa hospitali, huja kuchomwa, kisha hurudi walikotoka. Mwanafunzi anachoma wengi kwa siku. Kuwaona tena hutokea, "inategemea ratiba." Kwenye kazi yangu neno "inategemea" ni jibu kamili.

Programu ya pili ilimwambia njoo uone. Akaomba ruhusa ya siku moja, akaendesha gari saa tatu.

Alifika Jumanne asubuhi akitegemea kupelekwa chumba cha sindano. Daktari mwenye kliniki akamweka kwanza mapokezi, kwenye kiti pembeni ya mama mmoja mwenye vipokea sauti masikioni na daftari la kamba. Mama huyo alikuwa kwenye simu na kampuni ya bima tangu saa mbili. Mgonjwa alikuwa dereva wa lori wa miaka 50 na kitu, anayehitaji kuunguzwa neva za kiunoni, na bima ilikuwa imekataa. Sababu? Kabla ya kuunguza, mgonjwa huchomwa ganzi ya majaribio mara mbili, siku tofauti, kuona kama neva zilizoshukiwa ndizo zenye kosa. Medicare, bima ya serikali kwa wazee, inataka nafuu isiyopungua asilimia 80 baada ya kila jaribio, na bima nyingine nazo zina vizingiti vyao. Daktari mmoja mgeni pale, aliyetoka masomoni karibuni, alikuwa ameandika kwenye faili kwamba mgonjwa "anajisikia nafuu kubwa." Hakuweka namba.

Simu ile ilichukua dakika 40. Mama wa mapokezi alisema jina la mgonjwa mara sita na tarehe yake ya kuzaliwa mara sita. Mwisho akaambiwa atume faili upya, jibu ndani ya siku 14. Akaweka simu chini, akaandika kwenye daftari, akapiga nyingine.

"Mjomba," kijana aliniambia usiku ule, "neva zote za kiuno nazijua. Sikujua kwamba neno nafuu bila namba linaweza kumlaza mtu na maumivu wiki tatu."

Alasiri alikaa chumbani na daktari mkubwa. Waliona wagonjwa 14 na sindano zilikuwa nne tu. Mgonjwa mmoja alilia, mwingine alikuja anatetemeka kwa hasira. Huyo wa hasira alikuwa amerithiwa. Daktari wake wa zamani alistaafu akimwacha kwenye vidonge vya opioidi kwa kiwango cha juu, na kliniki tatu zilikuwa zimemkataa.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue iliingiza sokoni OxyContin, kidonge cha opioidi, na madaktari wakaambiwa kwamba hatari ya uraibu ni ndogo. Kampuni hiyo ilikiri kosa la jinai mahakamani 2007, ikakiri tena 2020. Katikati ya miaka hiyo Florida ilijaa kliniki zilizojiita za maumivu ambazo zilikuwa vilabu vya vidonge, watu wanapanga foleni nje na fedha taslimu. Mwaka 2016 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kikatoa mwongozo wa tahadhari, na wengi wakausoma kama amri: wagonjwa wakapunguziwa dozi ghafla au wakafukuzwa kabisa. Mwaka 2022 mwongozo ukaandikwa upya na kuonya dhidi ya tabia hiyo. Mwongozo wa kwanza, wenyewe, haukuwa mbaya sana. Ulivyofika mlangoni kwa mgonjwa ndivyo ulivyoharibika, nami hilo nimeliona kwenye waraka mdogo tu wa ada ya maji.

Daktari wa kliniki binafsi, wiki ya kwanza, atawakuta watu wa namna hii kwenye orodha yake. Hakuna eksirei itakayomwonyesha pa kuchoma. Atahitaji kujua kumbadilishia mtu dawa, labda kumhamishia buprenofini, ambayo kibali chake maalumu kilifutwa kwa sheria mwishoni mwa 2022, na atahitaji kujua kusema hapana bila kumfukuza mtu. Daktari yule alisema hapana kwa dakika 35. Mgonjwa aliondoka bado amekasirika, lakini alikuwa na tarehe ya kurudi.

Kuna jambo jingine ambalo nilimlazimisha mpwa wangu kuuliza, naye aliona aibu: dawa mnanunua wapi? Alidhani namchezea. Mwaka 2012 famasi moja ya Massachusetts inayochanganya dawa, New England Compounding Center, ilisambaza vichupa vya steroidi ya sindano vilivyoingia ukungu. Wagonjwa zaidi ya 13,000 walichomwa dawa kutoka vichupa hivyo, wengi kwenye mgongo, katika kliniki na vituo vya upasuaji mdogo. CDC ilihesabu wagonjwa 753 walioambukizwa katika majimbo 20, na 64 walikufa. Madaktari waliochoma walikuwa wamesoma. Sindano zilikwenda mahali pake hasa, pengine kwa ustadi wa kupigiwa makofi. Hospitali kubwa ina idara nzima ya kununua dawa na mwanafunzi hawaoni watu wale hata siku moja. Kwenye kliniki binafsi, mtu anayetia saini oda ya dawa anaweza kuwa wewe, kati ya mgonjwa wa saba na wa nane.

Vivyo hivyo kwa vifaa. Kuna vifaa vinavyopandikizwa kupeleka umeme mdogo kwenye uti wa mgongo ili kuzima maumivu. Ni ghali, na mwakilishi wa kampuni mara nyingi husimama humo humo chumba cha upasuaji. Kwenye kliniki binafsi mwakilishi huyo huyo huja na chakula cha mchana. Tangu 2014 serikali ya Marekani inaweka hadharani malipo ambayo kampuni za dawa na vifaa huwapa madaktari, na mtu yeyote anaweza kutafuta jina. Nilimwambia mpwa wangu ayatafute majina ya walimu wake watarajiwa, pande zote mbili. Alikuta vya kawaida vingi, chakula cha dola 18, nauli ya mkutano. Alikuta pia mwalimu mmoja ambaye tarakimu zake zilihitaji mkato mara mbili. Kulipwa si kosa. Ila mwanafunzi ajue anafundishwa na nani, kama mwanakijiji anavyopaswa kujua kwamba mhandisi aliyependekeza pampu fulani ana shemeji anayeziuza.

Kijana alihofia kuuliza sana. Nikamwambia wakati ni wake. Miaka ya karibuni waombaji wa fani hii wamepungua, kwa sababu daktari wa usingizi anayeacha kubobea anapata ajira ya mshahara mnono mara moja, na nafasi kadhaa za tiba ya maumivu zimekuwa zikibaki wazi. Programu inayokasirishwa na swali la mwanafunzi, pamoja na upungufu huo, imeshajibu.

Mwisho aliwapigia waliomaliza miaka miwili au mitatu nyuma, wanne kutoka kila upande. Hilo kwangu lilikuwa na uzito kuliko usaili wote. Alitaka kuwauliza kama mafunzo yalikuwa mazuri, nikamkataza. Kila mtu husema mazuri. Aulize Jumanne iliyopita walifanya nini. Wa jina kubwa, wawili walikuwa wamerudi kwenye usingizi, mmoja alikuwa mwalimu palepale, na wa nne alikuwa kliniki binafsi na alisema mwaka wake wa kwanza alimlipa mshahara mtu wa bima kabla yeye hajajilipa. Wa mji mdogo, watatu walikuwa kliniki binafsi. Wa nne alikuwa amekwisha kuiacha kliniki ya kwanza kwa sababu mkataba ulimtaka atimize hesabu ya sindano kila mwezi, na akahama mji mzima kwa vile kipengele cha mkataba kilimkataza kufanya kazi jirani. Wanane si takwimu. Naandika tu nilichosikia.

Dada yangu, kwa upande wake, alikuwa na swali moja tu kutoka Tanga: anarudi lini? Sina jibu, wala kijana hana. Lakini lilinifanya nitazame ile orodha kwa jicho jingine. Akirudi kesho, hatakuta bima inayolipia vifaa vya umeme vya mgongoni, na mashine ya eksirei ya kuongozea sindano hataikuta kila mkoa. Atakuta wagonjwa. Uganda, ambako Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993, iliruhusu mwaka 2004 wauguzi waliofunzwa maalumu kuandika mofini, na tangu hapo dawa hiyo imefika kwa watu ambao daktari hawafikii. Mtu anayejua kusikiliza, kupima, kuandika namba, kumpangia mgonjwa tarehe na kuwepo siku hiyo atafanya kazi Ohio na atafanya kazi Korogwe. Mtu anayejua mashine tu ataisubiri mashine.

Aliweka programu ya mji mdogo juu. Ya jina kubwa akaiweka ya pili.

Mwezi wa kumi kompyuta ikampa ya jina kubwa. Programu ya mji mdogo ina nafasi mbili kwa mwaka na walikuwepo wengine waliouliza maswali. Alinipigia kama mtu aliyefiwa, na mimi, niliyeshauri, sikuwa na la kusema zaidi ya kwamba miradi mingi niliyokagua haikujengwa pale mchoro uliposema.

Alipoanza Julai alimwomba mkuu wa mafunzo nusu siku kwa wiki ya kuwaona wale aliowachoma yeye mwenyewe. Alikataliwa mara ya kwanza. Mara ya pili alikwenda na orodha ya majina 20 ya wagonjwa ambao hakuna aliyejua walikuwa na hali gani, akapewa Alhamisi mchana, chumba kisicho na dirisha. Ameomba pia kukaa na watu wa bima wa hospitali. Hilo bado wanalijadili.

Alhamisi iliyopita walikuja saba. Wanne wana nafuu, na kila mmoja ameandikiwa asilimia yake. Wawili hawakupata nafuu yoyote. Mmoja alikuja kuaga, bima yake imekwisha.